Mjadala: Ukiipa filamu alama, tupe na sababu

Wadau wa filamu, naomba hili tulijadili bila kuoneana haya. Kila mara tunaulizana, “Ile umeitazama? Unaipa ngapi?” Jibu linakuja: saba kwa kumi. Nyota tatu. Mbovu, mbili tu. Kisha tunahamia filamu nyingine. Msimamo wangu ni kwamba mtu aliyetaja namba akanyamaza bado hajatoa maoni, na namba yake haistahili kuingia kwenye hesabu yoyote inayomvuta mwenzake atazame au aache. Najua wengi hamtakubaliana nami, na ndiyo maana nimelileta.

Desturi ya kuzipa filamu nyota ni ya zamani. Irene Thirer, mhakiki wa gazeti la Daily News la New York, alianza nayo Julai 1928, kwa kipimo cha sifuri hadi nyota tatu. Lakini nyota zile ziliandamana na uhakiki. Msomaji aliyeshangaa kuona nyota moja alikuwa na maelezo ya kusoma, na akitaka angeweza kuyapinga. Hata Roger Ebert, ambaye mwaka 1975 alikuwa mhakiki wa kwanza wa filamu kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi huko Marekani, aligawa nyota hadi nne, ila watu walimfuata kwa maneno yake. Baada ya kumsoma kwa muda walijua anavutiwa na nini na anachoshwa na nini. Hata asiyeafikiana naye alinufaika, kwa sababu aliweza kusema: huyu akisifu filamu ya aina hii, mimi huwa siipendi. Namba isiyo na mtu nyuma yake haiwezi kukupa msaada huo.

Sasa angalieni namba zinazotuongoza leo. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, inayobandikwa kwenye matangazo, wengi wetu tunaisoma kama alama ya mtihani, na sivyo ilivyo. Ni hesabu ya wahakiki waliosema kwa jumla filamu inafaa. Ikifika 60% inahesabiwa kuwa imepita. Chukulia wahakiki mia moja, kila mmoja ameiona filamu ni ya wastani, inatazamika, akaipa sita kwa kumi. Wote wakihesabiwa upande wa ndiyo, filamu hiyo ya wastani inatoka na 100%. Filamu nyingine imewagawa watu: sabini wameipenda hadi wakakosa usingizi, thelathini wameichukia. Hiyo inapata 70%. Mimi ningeanza na hii ya pili bila kusita, maana kazi iliyowagusa watu sabini kiasi hicho, na kuwaudhi thelathini, ina kitu ndani yake. Lakini mtu anayetazama asilimia peke yake ataikimbilia ile ya kwanza akidhani ameambiwa ni bora kuliko zote.

Mwaka 2021 tuliona mfano mzuri. Citizen Kane ya Orson Welles, filamu ya mwaka 1941, ilipoteza 100% yake baada ya uhakiki wa gazeti la Chicago Tribune, ulioandikwa mwaka huohuo wa 1941, kufukuliwa na kuongezwa kwenye hesabu. Ikashuka hadi 99%. Sauti moja ya miaka themanini iliyopita ikawa habari ya dunia nzima, na mazungumzo mengi yakawa juu ya ile asilimia moja iliyopotea. Mimi nilitaka kusikia watu wakijadili kilichomkwaza yule mhakiki. Aliiona filamu ikiwa mpya, kabla haijageuzwa kuwa kitu cha kusujudiwa. Huyo ndiye shahidi niliyetaka kumsikiliza.

Mifumo mingine nayo ina hesabu zake. Kwenye IMDb, tovuti ambako watazamaji huzipigia filamu kura za 1 hadi 10, kura hazina uzito sawa, na kanuni kamili haitangazwi ili watu wasiichezee. Metacritic, tovuti nyingine, hugeuza maoni ya wahakiki kuwa alama za 0 hadi 100, na wahakiki wengine wanapewa uzito kuliko wenzao. Kwa hiyo 7.5 ya hapa, 75 ya pale na 75% ya kule ni vipimo vitatu tofauti kabisa, nasi tunavipanga mstari mmoja tukitafuta mshindi.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo ni alama zinazotolewa kwa hasira au kwa mapenzi kabla hata filamu haijatazamwa. Watu wanakusanyana, wanaamua kuishusha filamu kwa sababu ya mwigizaji wasiyemtaka au mabadiliko waliyoyasikia, kisha wanamimina moja, moja, moja. Februari 2019 Rotten Tomatoes iliwazuia watumiaji kuandika maoni kabla ya filamu kutoka, na miezi michache baadaye ikaanza kutenga alama za watazamaji waliothibitishwa kuwa walinunua tiketi. Wapo waliolalamika kwamba ni kuwaziba watu midomo. Mimi naona ilikuwa haki. Huwezi kutoa ushahidi wa jambo usiloliona. Ila tuwe wakweli kwa pande zote: shabiki anayeipa filamu kumi kwa kumi kwa sababu ya trela, au kwa sababu stelingi ni yule anayempenda, anafanya kosa lilelile. Tofauti ni kwamba kumi zake hatuzilalamikii.

Hata waliotazama kweli hawajibu swali moja. Kampuni ya CinemaScore huko Marekani huwauliza watazamaji siku ya kwanza, wakiwa ukumbini, na kutoa daraja kuanzia A+ hadi F. Star Wars: The Last Jedi ya mwaka 2017 ilipata A kwa watazamaji hao. Wahakiki walioisifu walivuka asilimia tisini. Lakini alama ya watazamaji kwenye intaneti ikaanguka chini ya nusu. Hukumu tatu kwa filamu moja! Katika vurugu zile, walionisaidia ni wale walioeleza. Mtu akisema Luke Skywalker amefanywa mzee aliyekata tamaa, na kwamba hilo linamsaliti shujaa aliyekua naye, nimemwelewa. Naweza hata kumjibu kuwa kwangu mimi kukata tamaa kule ndiko kulikoipa hadithi uzito. Hapo tumejadiliana. Aliyeandika “moja kwa kumi, takataka” hakuniachia cha kujibu.

Mwaka huohuo, mother! ya Darren Aronofsky ilipewa F na CinemaScore, ilhali takriban theluthi mbili ya wahakiki waliipitisha. Wengi waliingia wakitarajia filamu ya kutisha waliyoizoea, wakakutana na fumbo zito linalovuka mipaka, lenye picha za kikatili. Ukiniuliza, ile F inapima umbali kati ya matarajio na kilichokuwemo. Ni habari muhimu, siipuuzi, lakini bila maneno ungedhani imepima uigizaji, picha, sauti na kila kitu kingine.

Hoja ya upande wa pili naijua na ina nguvu: watu hawana muda. Mtu amemaliza filamu, amechoka, unamtaka aandike insha? Netflix waliliona hilo, na mwaka 2017 wakaondoa nyota tano na kuweka dole gumba juu au chini, kwa sababu kadiri jambo linavyokuwa jepesi ndivyo watu wengi wanavyojibu. Sawa. Kwa mashine inayotaka kukupendekezea filamu inayofuata, dole gumba linatosha, kwa kuwa mashine inakujua wewe na historia yako. Mimi ninayekusoma sikujui. Mashine inakusanya alama zako mia. Mimi nina hii moja tu.

Wala sababu si lazima iwe ya kitaalamu. Hapa nawapinga hata wale wanaosema mtazamaji wa kawaida hajui filamu, basi aachie wahakiki. Si kweli. “Nusu ya mwisho ilinichosha kwa sababu muuaji nilishamjua mapema.” Hiyo ni sababu kamili. “Mama na mwanawe wanazungumza kama watu waliokutana leo, sikuwaamini.” Imetosha. Sentensi kama hizo zinaeleza zaidi ya nyota tano nzima, na hazihitaji mtu kujua jina la lenzi wala la mhariri.

Nisije nikadai kwa wengine nisichokitoa. Juzi nimeirudia 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Naipa tisa. Ni dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja, raia kumi na wawili wakiamua kesi ya kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake. Mara hii niliifuatilia kamera. Mwanzoni inawatazama kutoka juu kidogo na chumba kinaonekana kina nafasi; kadiri mabishano yanavyopanda, inashuka, nyuso zinajaa, dari linaanza kuonekana, na kuta zinakuja karibu. Unabanwa pamoja nao bila kuambiwa. Nimekata moja kwa sababu baadhi yao wamepewa sifa moja tu: yule mwenye tiketi za besiboli, yule mtu wa matangazo ya biashara. Ukiniambia hilo la kamera hulijali na unataka filamu inayotoka nje ya chumba, umeshajua usiifuate tisa yangu. Namba imekusaidia kwa kuwa umepewa nafasi ya kuikataa.

Ya pili ni ngumu zaidi. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, mwaka 1975, dakika 201. Siku tatu za mjane na kazi zake za nyumbani, kamera imetulia, anamenya viazi kwa muda ule ambao kumenya viazi huchukua. Mwaka 2022 ilishika nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki ya Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, kura inayopigwa kila baada ya miaka kumi tangu 1952, na ikawa filamu ya kwanza ya mwongozaji mwanamke kufika hapo. Kuna walioona ni ushindi wa siasa, kuna walioona ni haki iliyochelewa. Mimi naipa nane. Siku ya kwanza inakufundisha utaratibu wake kwa undani kiasi kwamba siku ya pili kitu kidogo kikienda kombo, moyo unakudunda kuliko kwenye filamu za risasi. Lakini ukiniuliza kama nilistarehe, jibu ni hapana. Kwa raha ningeipa nne.

Basi ipi ndiyo alama yangu, nane au nne? Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wetu. Mmoja anapima ustadi, mwingine anapima raha aliyoipata, halafu tunachanganya hesabu zao na kutoa wastani wa sita ambao haumwakilishi yeyote kati yao. Anayetafuta burudani atadanganyika, na anayetafuta kazi ya kumtikisa atadanganyika vilevile.

Tena alama hubadilika na wakati. Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipotoka mwaka 1958 ilipokewa kwa mashaka. Katika kura hiyohiyo ya Sight and Sound iliingia kumi bora mwaka 1982, ikapanda kila muongo, na mwaka 2012 ikaiondoa Citizen Kane kileleni. The Shawshank Redemption ya mwaka 1994 haikurudisha gharama zake ilipoonyeshwa kumbini, na leo ndiyo inayoongoza orodha ya watumiaji wa IMDb. Filamu hazikuhaririwa upya. Watazamaji ndio waliobadilika. Kwa hiyo ukitoa alama, taja umeitazama lini na kwa njia gani. Filamu iliyojengwa kwa giza na ukimya, ukaitazama kwenye simu mchana huku unajibu ujumbe, hujaitazama kama aliyekuwa ukumbini, na sisi tunaokusoma tunapaswa kulijua hilo.

Wapo watakaosema sababu zinamwaga uhondo. Zinaweza, kama mtu hajali. Lakini unaweza kueleza kilichokukwaza bila kufichua mwisho. Sema mwisho haukutokana na yaliyotangulia. Usiseme nani alikufa. Anayeshindwa kutofautisha hayo mawili aandike onyo mwanzoni, wenye kutaka kukwepa wakwepe.

Moja ambalo naona tutagawanyika sana: filamu uliyoiacha njiani, una haki ya kuipa alama? Mimi nasema huna. Taja dakika uliyoishia na kilichokutoa, bila namba, maana kuna filamu zinazojengwa polepole kwa ajili ya robo saa ya mwisho. Rafiki yangu mmoja anashikilia kuwa filamu iliyoshindwa kumshikilia kwa saa nzima imejipa alama yenyewe, na kwamba kumlazimisha amalize ni kumwadhibu. Hoja yake naiheshimu, ila siikubali. Nyinyi mko upande gani? Anayejibu atuwekee na filamu moja aliyoitazama karibuni, alama yake, na sababu.