Naomba ushauri: bustani ya mlango mkuu wa ofisi

Wakuu, habari zenu. Jengo la ofisi yetu limemaliza ukarabati, mlango mkuu sasa ni vioo vitupu toka chini hadi juu, na mimi ndiye nimetwishwa bustani ya mbele. Upana ni mita 14, na toka ukutani hadi kwenye maegesho ni mita 6.

Kinachonisumbua zaidi ni udongo. Mafundi walikoroga zege hapohapo, kwa hiyo kila nikipiga jembe nakutana na mabonge ya saruji na vipande vya vigae. Nilipanda miche miwili mitatu ya majaribio, majani yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani. Nahisi chokaa ya saruji inauzuia mmea kufyonza madini ya chuma. Je, nichimbe sentimita 40 nitupe udongo wote nilete mwingine, au mboji na samadi vitatosha?

Halafu jua la alasiri linapiga vioo na kurudi kwenye mimea. Ukishika jani saa tisa ni la moto kama bati. Mmea gani utastahimili hilo bila kumwagiliwa kila siku?

Bosi anataka fikasi kando ya ngazi. Mimi sitaki hata kuisikia, mizizi yake itang'oa vigae na kufuata mabomba. Bogenvilia nayo ina miiba, na njia ya viti vya magurudumu inapita palepale. Mwenye uzoefu anitajie mbadala, na umbali salama wa kupanda toka kwenye msingi.