Wanyama hawatulii, mnawachoraje?

kalamu_butu:
Habarini wakuu. Nimeanza daftari la kuchora viumbe wa hapa uani, ndege, mijusi, buibui, na paka wangu. Shida hawatulii! Jana njiwa katua ukutani nikasema leo nimempata, namaliza kichwa nainua macho kageuka, nafuta naanza upya, kageuka tena, mwisho karuka zake nimebaki na karatasi iliyochubuka kwa raba. Miguu ndo usiseme, goti linapinda kinyumenyume utadhani nimechora kiti kibovu. Au nipige picha kwanza?

bibi_mijusi:
Raba weka mbali kabisa. Ukurasa mmoja anzisha vichoro vitano sita, akigeuka acha hapohapo ulipofika hata kama ni shingo na mgongo tu, anza kingine pembeni. Mnyama ana mikao yake na huwa anairudia, akirudi mkao wa kwanza na wewe unarudi kichoro cha kwanza unaongeza bawa. Mimi kuna mjusi nilimchora siku nne hivyo, kichwa Jumatatu, Alhamisi naenda kumalizia mkia nakuta keshaukata 😂 Nikachora kigutu nikaandika tarehe, sasa hivi naufuatilia unavyoota.

vidole_vinne:
Hilo si goti mkuu, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu limejificha kwenye manyoya karibu na tumbo na linapinda mbele kama la kwako, ndege anatembelea vidole tu. Paka naye hivyohivyo, angalia mguu wake wa nyuma. Halafu vidole hesabu, usikisie: njiwa vitatu mbele kimoja nyuma, paka kwa kawaida mguu wa mbele vitano (kimoja kiko juu hakigusi chini) wa nyuma vinne. Na buibui jamani, miguu yote minane inatoka kipande cha mbele, msimchomekee tumboni!!

kalamu_butu:
Kumbe!! Kwa hiyo picha niachane nazo?

bibi_mijusi:
Piga, ila ya madoa na rangi za kumalizia baadaye. Ukichora kwa picha tupu mnyama anatoka kama kabandikwa, na pia saa, hali ya hewa, alikuwa anakula nini, hayo andika palepale maana jioni ushasahau.

kalamu_butu:
Mrejesho. Paka kalala nikamchora mara saba, mara ya tano ndo naona sikio la kushoto lina kipengo pembeni, na huyu paka naishi naye miaka. Vidole nimehesabu kweli vitano, kaamka kakasirika. Njiwa leo hajaja, kaja kunguru anatembea kama anadai kodi, nina vichoro tisa na hakuna hata kimoja chenye mkia.

vidole_vinne:
Weka hapa tuone hao kunguru wasio na mkia 😂