Mrejesho: dawa ya mbegu za mwarobaini kwenye mchicha

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini maji ya majani ya mwarobaini niliyoyachemsha hayakuwazuia viwavi kula mchicha wangu hapa Kigamboni, na leo ninaleta mrejesho pamoja na shukrani za dhati. Mlinieleza kwamba azadiraktini, kiambato kinachowafanya wadudu waache kula na washindwe kukua, imo kwa wingi zaidi katika kiini cha mbegu kuliko katika majani, na kwamba huharibiwa na joto kali na mwanga wa jua. Basi niliokota mbegu, nikaziosha, nikazianika kivulini na kuzibangua, kisha nikatwanga gramu 50 za viini kwa kila lita 1 ya maji. Kinu kiling'aa kwa mafuta, na harufu yake kali, iliyofanana na ya kitunguu saumu, ilibaki mikononi hadi kesho yake. Niliuloweka unga huo usiku kucha katika maji ya baridi, nikauchuja kwa kitambaa, nikaongeza sabuni kidogo ili dawa ishike majani, nikanyunyiza jioni. Viwavi hawakufa papo hapo, jambo ambalo nusura linikatishe tamaa, lakini kufikia siku ya nne majani machanga hayakuwa na matundu mapya.