"Built" au "were building"? Nisaidieni wenzangu

Hamjambo. Mimi natembeza wageni Fort Jesus. Jana nilimwambia mama mmoja mgeni, "The Portuguese were building this fort in 1593." Akauliza, kwani hawakuimaliza? Nikakwama pale mlangoni, jua la saa saba utosini. Kazi hii naipenda, sitaki kumpa mtu habari nusu.

Mwalimu wa jioni, Kisauni:
Kaka, ujenzi ulianza 1593 ukaisha 1596. Umekamilika, basi sema "built". Ukisema "were building" umemwacha mgeni katikati ya kazi, mawe bado yanabebwa, naye anangoja kusikia nini kilitokea. Mfano wa feri ya Likoni: nilikuwa nikivuka mvua ilipoanza. "I was crossing when the rain started." Kuvuka kulikuwa kunaendelea, mvua ikaingia kati. Tazama "nilikuwa nikivuka", ndiyo "was crossing" yenyewe.

Muulizaji:
Shukran mwalimu. Na Waomani walivyoizingira ngome toka 1696 mpaka 1698? Muda wote huo si "were besieging"?

Mwalimu wa jioni, Kisauni:
Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Urefu wa muda si hoja. Ukiutaja wote, mwanzo hadi mwisho, "besieged" inatosha.

Dada wa Majengo:
Naongeza moja, kaka yangu: usiseme "I was knowing". Sema "I knew". "Know" na "want" za kujua na kutaka hazikai vizuri na "-ing". Nimelisikia kosa hilo sana hapa mjini.