Tupeane uzoefu: kula Kijapani mgahawani, dukani na safarini

MpungaMoshi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna kijana hapa ofisini anaondoka mwezi ujao kwenda kozi Japani, na kila akinikuta swali ni lile lile: nitakula nini kule? Nimemwambia atulie, nitawauliza waliopita huko. Naanza mimi.

Nilikwenda Tsukuba, kozi ya kilimo cha mpunga, hizi za JICA, shirika la serikali ya Japani la misaada. Siku ya tatu nikasema leo sili kantini, naingia mtaani. Nikakuta kimgahawa cha rameni, zile tambi za supu, viti nane, vyote vimeelekea jikoni. Nikakaa, nikangoja mhudumu. Dakika kumi hakuna anayenisemesha. Mara mpishi ananinyooshea mkono kuelekea mlangoni. Nikajua nimefukuzwa. Nainuka na hasira zangu, kumbe pale mlangoni kuna mashine: unatia hela kwanza, unabonyeza kitufe cha unachotaka, inakutolea tiketi, unampa mpishi. Vitufe kama thelathini, vyote kwa maandishi yao. Mzee mmoja akaacha bakuli lake, akaja kunionyesha kitufe cha juu kabisa kushoto. Baadaye wenyeji wakaniambia mara nyingi hicho ndicho chakula ambacho duka linajivunia. Tangu hapo sijawahi kuhangaika na mashine, ni juu kushoto tu.

Shida ikawa kula. Yule mzee anavuta tambi kwa sauti, fyuuu, na jirani yake hivyo hivyo. Mimi nimelelewa na bibi ambaye ukitoa sauti mezani unaliona kofi lake kabla hujameza. Nikala kimyakimya mpaka supu ikapoa, wenzangu wote wameshaondoka.

Haya, mwageni na nyinyi.

Baharia_Tudor

Kaka wa Moshi, hapo kwa juu kushoto naomba nikukatize. Kijana kama ni Muislamu asilifuate hilo. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za magari, hizi zinazoleta mitumba ya magari Mombasa, na Japani nimeshuka mara nyingi. Ukienda Fukuoka, kitufe cha juu kushoto kina uwezekano mkubwa wa kuwa tonkotsu: ile supu nyeupe nzito kama tui la nazi. Ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi. Na hata ukiagiza ya kuku, nyama ya juu inaweza kuwa nguruwe vile vile.

Mie nilikariri herufi mbili tu. 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Nikishika pakiti dukani natafuta hizo kwanza. Ya pili inawaponyoka wengi kwa sababu hujificha kwenye sosi, na kuna kitu kinaitwa mirin, mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, wanautia mpaka kwenye samaki wa kuchoma. Kobe ndiyo ilikuwa raha yangu, kuna msikiti wa tangu 1935, na jirani yake unapata maduka na migahawa ya halali. Meli ikitia nanga pale, huniulizi niko wapi.

Bi_Mwani

Wanangu, mie ni mtu wa Jambiani. Mwani tunalima, tunaanika, tunauza. Kuula? Hapo ndipo nilipocheka, binti yangu anayesoma Osaka aliponinunulia pembetatu ya wali imevishwa karatasi nyeusi, akaniambia mama, huo ni mwani. Si aina yetu lakini, wao wanausaga na kuukausha kama karatasi.

Sasa hiyo pembetatu, onigiri, ina namba kwenye nailoni yake. Unavuta utepe wa 1 kutoka juu hadi chini na kuzunguka nyuma, halafu unavuta ncha ya 2, halafu ya 3. Mwani umewekwa baina ya nailoni mbili usigusane na wali ukalowa. Mie nikaichana kama ninavyochana pakiti ya biskuti. Mwani ukabaki ndani ya nailoni, mkononi nikabaki na bonge la wali. Ndani mna kitu chekundu, nikadhani embe la achari. Nilipouma, jicho moja lilijifunga lenyewe. Chumvi na ukali! Ni tunda lao, umeboshi. Kwa jodari wa mayonezi sikuwa na neno, nilikuwa nakula mawili kila asubuhi.

Jioni akanipeleka Dotonbori, mtaa wa vyakula pale Osaka, kula takoyaki. Jamani, ni chuma kile kile cha vitumbua! Anamimina uji wa ngano, anatupia kipande cha pweza, anavigeuza kwa sindano hata huoni mkono. Juu wananyunyiza maranda ya samaki mkavu, na kwa ule mvuke yanachezacheza kama yana roho. Nikasitasita. Wallahi tena, subirini vipoe. Mie niliungua kaakaa.

Nusu_Bei

Wanafunzi wenzangu, supamaketi nendeni saa mbili usiku. Kuanzia jioni anatoka mfanyakazi na stika za punguzo, mwanzo asilimia 20, baadaye 30, mwisho ile yenyewe: 半額, nusu bei. Ni kwa vyakula vya siku hiyo, sushi, samaki, vibanzi vya kukaanga. Hakuna anayekimbilia. Watu wanazunguka wanajifanya wanachagua tofu, jicho kwenye stika. Mimi sushi nimeijulia hapo, mgahawani nilikuwa naiogopea bei.

Kosa langu ni kununua vitu kwa picha. Niliona viboksi vitatu vimefungwa pamoja, picha ni maharage. Nikasema afadhali, maharage. Kufungua: harufu ya soksi za mchezaji, na ukiinua kijiko zinafuata nyuzi mpaka puani. Natto hiyo, soya iliyochachushwa. Viboksi viwili nilimpa jirani.

Mgogo_Halisi

@Nusu_Bei umetuangusha. Nyuzi ndiyo nini? Ni mlenda huo! Mimi nilikula wiki ya kwanza na sikuacha. Kuna kijipakiti cha haradali na cha sosi ndani, koroga sana, mwaga juu ya wali wa moto. Na wao wenyewe huichanganya na bamia. Bamia wanaiita okura.

Ila mimi nina aibu yangu. Hotelini asubuhi nimekuta yai kwenye kibakuli, nikaligonga mezani kama yai la stendi. Lilikuwa bichi. Wanalivunjia juu ya wali na kutia sosi ya soya. Suruali ilikuwa ya kikao.

Dirishani

Safarini hamjagusa. Mnakumbuka basi likisimama Chalinze, mahindi na mayai yanapanda madirishani? Wao wanayo kwa treni, tofauti ni kwamba unanunua stesheni kabla hujapanda. Inaitwa ekiben, boksi la chakula, na kila mkoa una lake. Toyama ni samaki ameshindiliwa juu ya wali ndani ya majani ya mianzi. Yokokawa wanakupa wali ndani ya chungu cha udongo kabisa, na chungu unaondoka nacho. Changu kina chumvi jikoni hadi leo.

Lililonishangaza ni la Sendai, ulimi wa ng'ombe. Boksi lina kamba pembeni. Ukiivuta, maji yanakutana na chokaa chini ya trei, kama fundi anavyozima chokaa kwenye ndoo. Linanguruma, linatoa mvuke, dakika chache chakula ni cha moto. Nililivuta nimelipakata. Usilipakate.

MpungaMoshi

Asanteni sana wakuu. Kijana amesoma uzi mzima kwenye simu yangu, hakusema neno mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja: huo mlenda wa maboksi ni bei gani? Kwao Kongwa.

Mgogo_Halisi

Matatu kama yeni 100. Mwambie asisahau haradali.