Je, ni halali kuweka programu ya siri kwenye simu ya mke wangu niliyomnunulia mwenyewe?

Swali

Wakuu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaoifahamu sheria. Mke wangu anatumia simu niliyomnunulia mimi, na laini imesajiliwa kwa jina langu. Kwa miezi kadhaa sasa amekuwa akiilaza kifudifudi na kutoka nje kila inapoita, nami nimekosa usingizi. Nimeona programu inayojificha ndani ya simu, isiyoonekana hata alama yake, ambayo ingenitumia nakala ya ujumbe wake wote, mahali alipo na sauti ya mazungumzo yake. Wanaoiuza wanadai kuwa ni halali kwa mwenye simu. Je, ni kweli? Na nikipata ushahidi, mahakama itaupokea?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, pole kwa unayopitia, lakini karibu kila mahali jibu ni hapana. Sheria hutenganisha chombo na mawasiliano yanayopita ndani yake. Aliyenunua bahasha na stempu hapati kwa hilo haki ya kufungua barua aliyoandikiwa mtu mwingine, na risiti ya simu ni hivyo hivyo. Uingereza imekuwa na sheria dhidi ya kuingia kwenye kompyuta bila idhini tangu mwaka 1990, Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2018. Hizi mbili za mwisho zinahesabu kuingia bila idhini na kunasa mawasiliano kuwa makosa mawili tofauti, kwa hiyo programu unayoieleza inaweza kukutia hatiani mara mbili. Cheti cha ndoa hakihesabiwi kuwa idhini.

Wengi hudhani kwamba kosa huanza pale wanaposoma ujumbe, ilhali linaweza kukamilika pale tu unapoingia bila ruhusa, hata kama hukukuta chochote cha kukuumiza. Tena usimsahau mtu wa upande wa pili: mama yake, daktari wake, rafiki anayemweleza siri zake. Hao wote sauti zao zitarekodiwa, na hakuna hata mmoja wao uliyemnunulia simu.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu maneno ya wauzaji. Ukisoma masharti yao yale yenye maandishi madogo, mara nyingi utakuta kwamba wanamtaka mnunuzi amjulishe mtumiaji wa simu na kupata ridhaa yake. Yaani tangazo linakuuzia usiri, na masharti yanakukabidhi lawama. Wauzaji wenyewe nao si salama. Mwaka 2014 nchini Marekani, aliyekuwa akiuza programu iitwayo StealthGenie alikiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya dola 500,000.

Kuhusu ushahidi, nchi hazifanani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 50(4), inaelekeza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki iliyomo katika Katiba hiyo ukataliwe iwapo kuupokea kutaharibu haki ya kesi au kudhuru utoaji wa haki, na Ibara ya 31 inataja waziwazi faragha ya mawasiliano. Kwingineko hakimu anaweza kuupokea, lakini kupokelewa kwake hakukufutii wewe kosa la namna ulivyoupata. Utakuwa umepeleka mahakamani ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Jibu la tatu

Mbona waajiri hufuatilia kompyuta za wafanyakazi kila siku na hawashtakiwi?

Jibu la kwanza (tena)

Kwa sababu wanaofuata sheria huwajulisha wafanyakazi mapema. Kulikuwa na kesi ya Bărbulescu dhidi ya Romania, ya mhandisi aliyefukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma mazungumzo yake binafsi. Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki yake ya faragha haikulindwa ipasavyo, na jambo moja lililopewa uzito ni kwamba hakuwa amejulishwa mapema upana na namna ya ufuatiliaji huo. Mwajiri alikuwa amekataza matumizi binafsi, na bado katazo hilo halikutosha. Mzazi wa mtoto mdogo ana nafasi kubwa zaidi kwa kuwa ana wajibu wa malezi, lakini mke si mtoto wa mumewe.

Muulizaji

Nashukuru, nimeacha wazo la programu. Lakini nakiri kwamba usiku mmoja nilifungua simu yake kwa kidole chake akiwa amelala. Je, hilo nalo ni kosa? Na nikimwomba mwenyewe anionyeshe?

Jibu la pili (tena)

La kidole linaweza kuhesabiwa kuwa kuingia bila idhini, kwa sababu mtu aliyelala hawezi kuridhia. Usilirudie, na kama shauri litafika mahakamani, mweleze wakili wako kabla ya mtu mwingine yeyote. Kumwomba ni halali kabisa, mradi usimtishe. Akikuonyesha mazungumzo fulani, ridhaa yake inaishia hapo: usijitumie nakala, wala usiunganishe akaunti yake na kompyuta yako wakati ameiacha simu mkononi mwako. Akikataa, una haki ya kudai talaka au usuluhishi kwa sababu ulizonazo, bila kuigusa simu.