Mrejesho: pampu ya maji, Shela

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu programu ya kuendesha taa na pampu nyumbani kwetu Shela, Lamu: tangu isasishwe, intaneti ikikatika pampu haizimiki, tangi linafurika. Waliotuuzia jibu lao ni lile lile, zima uwashe. Inauma sana, maana maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya hapa hapa, si ya kumwagwa ovyo.

Nimefuata ushauri wenu. Fundi ameweka Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyo hapa nyumbani; swichi ni za Zigbee, mawasiliano ya redio yasiyohitaji intaneti, amri haitoki nje ya nyumba. Jana intaneti ilipotea, tangi likajaa, pampu ikazima. Tumeongeza na swichi ya boya, inayoelea na kukata pampu maji yakipanda. Ahsanteni mno! Waliotuuzia ile programu, pesa zangu bado nawadai.